Jusi iliyogeuka chungu usiku: mambo ya machungwa, ndimu na maganda yake

Wandugu wa koperativi, msimu uliopita wa machungwa tuliitwa kwa haraka katika koperativi moja ya bonde la Ruzizi. Wamama wa kikundi cha utengenezaji walikuwa wamekamua jusi ya machungwa, wakatia ndimu kidogo ya kuongeza ukali, wakapasha moto, wakajaza chupa. Jioni walionja: tamu. Watoto walionja: tamu, wakaomba tena. Asubuhi yake kwenye soko, mteja wa kwanza alifungua chupa, akanywa, akatema. "Iko chungu sawa kinini!" Wa pili vilevile. Kufika saa sita hakuna mtu aliyekaribia tena meza yao, na neno moja lilikuwa linazunguka soko zima: karuho.

Kwetu Kivu kila mtu anajua neno hilo linaweza kufanya nini. Watu wanakunywa kitu kitamu, kesho yake kitu kilekile kinakuwa kichungu, hakuna aliyekigusa: basi kuna mtu ametia sumu. Walitafuta wa kubebesha kosa, na wakamupata haraka. Mama mumoja mjane, ambaye alikamua ndimu zote peke yake uani, alikuwa na malengelenge na madoa meusi kwenye mikono. "Muone," walisema, "ile dawa imemuchoma yeye mwenyewe." Tulipofika siku ya tatu, mama huyo alikuwa hatoki tena nyumbani, na kikundi kilikuwa kimekwisha kupoteza pesa ya chupa, ya sukari na ya kuni.

Tuseme ukweli: sisi pia hatukuelewa mara moja. Fikira yetu ya kwanza ilikuwa chupa. Tulidhani zilikuwa za dawa ya mashamba na hazikuoshwa vizuri. Lakini zilikuwa chupa za bia, safi kabisa. Njo tukaomba watuonyeshe kazi yao yote toka mwanzo, na hapo mambo yakaanza kuonekana. Machungwa yalivunwa mapema juu ya wezi. Yalimenywa kwa kisu, halafu yalitwangwa mazima ndani ya kinu, pamoja na mbegu na ile nyama nyeupe ya chini ya ganda, kwa sababu hivyo jusi inatoka mingi. Kisha ikachujwa na kupashwa moto kwa muda mrefu.

Tulifanya jaribio mbele ya kamati, mbele ya shefu wa kijiji na mbele ya mama mwenyewe. Tulichuma machungwa ya mti mmoja tu. Nusu tuliyakata katikati na kuyakamua kwa mkono polepole, bila kuponda mbegu, tukachuja palepale. Nusu nyingine tuliyatwanga kwenye kinu kama walivyofanya. Kila mtu alionja jusi zote mbili: zote tamu. Tulifunga chupa mbili, shefu akaziweka ndani ya sanduku lake na akaenda na ufunguo. Asubuhi sanduku lilifunguliwa. Chupa ya kwanza ilikuwa vile tuliiacha. Ya pili, shefu alipoionja, alikunja uso mpaka watoto wakacheka.

Maelezo yake ni haya. Ndani ya mbegu, ndani ya ngozi nyembamba zinazogawa vipande vya chungwa, na ndani ya nyama nyeupe ya ganda, kuna kitu ambacho chenyewe hakina uchungu. Kwenye tunda zima kinakaa mahali pake na ukali wa jusi unakaa mahali pake, havikutani. Ukitwanga, vinakutana. Ule ukali unaanza kukigeuza polepole, saa moja, saa mbili, usiku mzima, na kinakuwa kitu kingine kinachoitwa limonini. Limonini ni chungu sana: ulimi wa watu wengi unaisikia hata ikiwa sehemu chache tu katika milioni moja ya jusi. Na moto unaharakisha kazi hiyo. Wataalamu wa viwanda vya Marekani, kule California na Florida, waliumia kichwa na jambo hili kwa miaka mingi, zaidi ya yote kwa machungwa yale yenye kitovu, na mpaka leo wana mashine za pekee za kuondoa uchungu huo. Tena tunda likiendelea kukomaa juu ya mti, lenyewe linapunguza kitu hicho. Kwa hiyo machungwa yaliyovunwa mapema, yakatwangwa na mbegu, yakapashwa moto sana: makosa matatu yalipandana. Hakuna mtu aliyetia kitu.

Lakini madoa ya mikono? Hilo nalo lina jina katika vitabu vya wadaktari. Ndimu, na zaidi ya yote ganda lake, lina vitu vinavyoitwa furokumarini. Vikibaki kwenye ngozi na ngozi ikapata jua kali, ngozi inaungua. Haiungui palepale, ni kesho yake au kesho kutwa, njo maana mtu hafikirii ndimu. Kwanza inakuwa nyekundu, pengine malengelenge yanatoka, halafu doa jeusi linabaki majuma au miezi. Mtu anayekamua ndimu ndani ya nyumba na kunawa na sabuni hapati kitu. Yule mama alikamua uani, saa sita, juani, akaendelea na kazi zingine bila kunawa. Tulimwambia shefu: yeyote asiyeamini akamue ndimu hamsini kwenye jua, kisha tuonane siku ya tatu. Hakuna aliyekubali.

(Kwa kuwa tumetaja vitu hivyo: pampelmusi, yaani balungi, inavyo pia, na ndani ya tumbo vinazuia mwili kuvunja dawa fulani. Daktari David Bailey wa Kanada aliligundua hilo mwaka wa 1989 karibu kwa bahati, alipotumia jusi ya pampelmusi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha. Dawa ilipanda ndani ya damu kupita kipimo. Wazee wetu wanaokunywa dawa za presha wamuulize muuguzi mbele ya kula tunda hilo.)

Turudi kwenye kazi. Kikundi kile sasa kinafanya hivi. Machungwa yanangojewa mpaka yakomae. Na tusidanganywe na rangi: ganda la chungwa linahitaji baridi ya usiku ili ligeuke manjano, kwa hiyo katika bonde lenye joto tunda linaweza kuwa limeiva na bado ni kijani. Heri kuonja. Wanaosha matunda, wanayakata katikati, wanakamua bila kuponda mbegu, wanachuja mara moja kwa kitambaa safi. Halafu wanapasha moto ndani ya mayi, sufuria moja ndani ya nyingine, mpaka digrii 85 hivi. Asiye na kipimo aangalie mvuke na vipovu vidogo vinavyoanza pembeni. Hapo anaondoa, hangojei ichemke. Wanajaza ingali na moto ndani ya chupa za kioo zilizochemshwa, wanafunga, wanalaza chupa ubavu dakika chache ili moto ufike mpaka kwenye kifuniko. Jusi inatoka kidogo kuliko zamani, na wamama walilalamika kwa hilo, wana haki. Lakini chupa kumi zinazouzwa zinapita ishirini zinazomwagwa.

Sufuria nayo tuiangalie. Ukali wa machungwa, na zaidi wa ndimu, unakula madini. Tunajua nyingi za sufuria zetu nzito zinatengenezwa na mafundi kwa kuyeyusha vyuma vya aluminiumu vya zamani: vipande vya injini, makopo, kila kitu. Mwaka wa 2014 watafiti wa Marekani na wa Kameruni walichapisha kazi juu ya sufuria za namna hiyo za kule Kameruni. Walichemsha ndani yake mayi yenye ukali kidogo, na risasi ilitoka ndani ya mayi. Hatusemi risasi ya bunduki. Ni madini ya plombo, ambayo yanaharibu akili ya watoto. Kwa jusi tutumie sufuria ya inoksi au ile ya kupakwa rangi ngumu ambayo haijabanduka. Kama koperativi itanunua kitu kimoja tu kwa kikundi chake, sisi tungeanza na sufuria ya inoksi mbele ya mashine yoyote.

Shaba pia hapana, na hapa kuna historia ambayo inafaa kusimuliwa. Zamani mabaharia wa Ulaya walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa skobuti: fizi zinaoza, meno yanatoka, vidonda vya zamani vinafunguka upya. Mwaka wa 1747, ndani ya meli Salisbury ya Uingereza, daktari James Lind alichukua wagonjwa 12, akawagawa wawili wawili. Chakula kilikuwa kimoja kwa wote, lakini wawili walipewa pombe ya matofaa, wawili siki, wawili mayi ya bahari, na kadhalika. Wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha siku ya sita, na hao wawili walikuwa wamekwisha kupona au karibu. Ni moja ya majaribio ya kwanza ya udaktari ambapo dawa zilipimwa sambamba, na haina tofauti kubwa na chupa zetu mbili za shefu.

Lakini Lind mwenyewe alikosea baadaye. Alitaka jusi inayokaa muda mrefu melini, akaichemsha polepole mpaka ikawa nzito sawa asali. Nguvu yake nyingi ilikwenda na moto. Jeshi la bahari la Uingereza lilianza kugawa jusi ya malimau mwaka wa 1795, na skobuti ikaisha karibu kabisa. Kisha, katika miaka ya 1860, waliacha malimau ya Mediterania wakachukua ndimu ndogo za visiwa vya Karibi, kwa kufikiri kwamba kilicho kali zaidi ndicho chenye nguvu zaidi. Jusi hiyo ilikaa muda mrefu na kupita kwenye mabomba ya shaba. Mwaka wa 1875 wasafiri waliokwenda kwenye barafu ya kaskazini walikuwa na jusi ya ndimu, na skobuti iliwapata. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, watafiti wa Taasisi ya Lister ya London walipima na kukuta ndimu ina karibu robo tu ya nguvu ya limau. Ukali si vitamini. Ni vitu viwili tofauti.

Hiyo nguvu yenyewe, vitamini C, ilitolewa na kutambuliwa na Mhungaria Albert Szent-Györgyi. Alikuwa anatafuta njia ya kuipata mingi, na aliipata ndani ya pilipili tamu za mji wake wa Szeged. Alipewa Nobeli mwaka wa 1937. Hewa, moto wa muda mrefu na shaba vinaiharibu. Kwa hiyo chupa ijazwe mpaka juu, na jusi ikamuliwe na kufungwa siku ileile.

Mtu mzima anahitaji miligramu 45 hivi kwa siku kufuatana na FAO na OMS, mama anayenyonyesha 70. Gramu mia moja za chungwa zina karibu 50. Kwa hiyo chungwa moja linatosha, na tusiuze yote halafu tukanunulie watoto fanta. Asiye na chungwa ana pera. Pera linapita chungwa mara nne. Faida nyingine ambayo wengi hawaijui: damu. Sombe na maharagi vina chuma, lakini mwili unakishika kidogo sana. Vitamini C ikiwa tumboni wakati uleule, mwili unashika chuma hicho vizuri zaidi; chai na kahawa zinafanya kinyume. Kwa hiyo limau likamuliwe juu ya sombe kwenye sahani, si ndani ya sufuria inayochemka saa mbili, na chai ya wamama wenye mimba ingojee kidogo baada ya chakula.

Sasa kolera, kwa kuwa mvua imeanza na kila mwaka tunaulizwa swali moja: ndimu inaua kolera ao haiui?

Jibu lina pande mbili. Katika miaka ya 1990 kolera iliingia Guinea-Bissau, na watafiti Amabelia Rodrigues na wenzake walilinganisha nyumba zilizopata ugonjwa na zile ambazo hazikupata. Waliokula wali na mchuzi wenye jusi ya ndimu walikuwa wamekingwa zaidi. Kisha walikwenda labo, wakatia vijidudu vya kolera kwenye wali: palipokuwa na ndimu ya kutosha, havikuzaa. Kijidudu cha kolera hakivumilii ukali. Basi ndimu kwenye samaki, kwenye wali uliolala, kwenye kachumbari, ni kinga ya kweli na haigharimu kitu.

Upande wa pili: mayi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitia jusi ya ndimu ndani ya chupa za mayi na kuziweka juani. Mwaka wa 2012 walitangaza kwamba mililita 30 ndani ya lita mbili, pamoja na jua, ziliua vijidudu vya E. coli ndani ya nusu saa. Lakini virusi vilipona. Kwa hiyo tone mbili za ndimu ndani ya bidoni ya lita 20, kama tunavyoona kwa watu wengi, ni harufu tu. Mayi ya kunywa yatiwe kloro ao yachemshwe. Na mgonjwa akianza kuharisha mayi kama ya mchele, ndimu haimuponyi. Apewe serumu ya kunywa. Kama paketi haiko, lita moja ya mayi safi, vijiko vidogo sita vya sukari bila kulundika, nusu kijiko cha chumvi, na njia inakuwa ni ya kwenda kituo cha afya hapohapo. Tuliona mtoto aliyechelewa siku nzima nyumbani akinyweshwa ndimu na majivu. Alipona, lakini alifika macho yameingia ndani. Wazazi wake hawakuwa wajinga. Walisikia nusu ya habari.

Tubakie na maganda. Baada ya kukamua, karibu nusu ya uzito wa matunda inabaki chini, na kikundi kilikuwa kinaitupa mtoni.

Kunja ganda bichi la chungwa karibu na buji inayowaka, ulifinye: cheche zinaruka. Watoto wote wanaujua mchezo huo. Ni mafuta yaliyo ndani ya vishimo vidogo vya ganda, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mafuta ya chungwa ni limonini nyingine. Samahani, jina linafanana lakini si kitu kimoja. Hii inaitwa limoneni, ile ya harufu. Limoneni inaua wadudu. Huko Nigeria, katika miaka ya 1980, Don-Pedro alijaribu unga wa maganda makavu dhidi ya vidudu vinavyotoboa kunde. Vilikufa. Lakini kazi zake zilionyesha pia kwamba kinachoua zaidi ni mvuke wa mafuta, na mvuke unakwenda zake. Sisi tulijaribu na maharagi ndani ya dipo, tukatia unga wa maganda kwenye gunia la kawaida. Mwezi wa kwanza tulifurahi. Mwezi wa tatu maharagi yalikuwa na matundu sawa yale ya gunia la jirani. Tulikuwa tumeisifu njia hiyo kwa wakulima mbele ya kungoja mwisho, tunaomba radhi.

Kinachosaidia ni kuzuia hewa. Maharagi makavu kabisa, yale yanayovunjika kwa meno bila kubonyea, yajazwe ndani ya bidoni kavu mpaka shingoni, kifuniko kifungwe na kuzungushiwa nta ao mpira. Vidudu vilivyo ndani vinamaliza hewa na vinakufa vyenyewe. Bidoni isifunguliwe miezi miwili. Ukitaka kutia maganda makavu ndani, hayadhuru, lakini kazi ni ya kifuniko.

Kwa udongo, habari yetu tunayoipenda inatoka Kosta Rika. Katika miaka ya 1990, Daniel Janzen na Winnie Hallwachs walipatana na kiwanda cha jusi kitupe maganda yake juu ya malisho yaliyochoka, pembeni ya mbuga ya Guanacaste. Malori 1,000, tani 12,000, juu ya hektari tatu hivi. Kiwanda kingine kilishitaki kwamba wanachafua nchi, korti ikasimamisha kazi, mambo yakasahauliwa. Miaka 16 baadaye mtafiti mmoja kijana, Timothy Treuer, alitumwa kutazama, akashindwa hata kuona kibao kilichowekwa barabarani: kilikuwa kimefunikwa na majani. Upande wa maganda, miti na mimea ilipita ule wa pili kwa uzito 176 kwa mia.

Nasi hatuna malori 1,000 wala hektari za kungojea miaka 16. Maganda mabichi yakirundikwa peke yake yanaleta nzi na yanachelewa kuoza juu ya mafuta na ukali wake. Tuyakate vipande, tuyachanganye na majani makavu, mbolea ya mbuzi na majivu kidogo, yageuzwe kila juma la pili. Mbuzi pia wanayala, kwanza kidogo mpaka wazoee. Yale yenye ukungu wa kijani wasipewe. Kikundi kimechimba shimo la mbolea nyuma ya dipo. Mama mjane alirudi kazini mwezi wa pili. Sasa anakamua chini ya paa, sabuni iko kando yake, na ufunguo wa sanduku la chupa, shefu alisema, ukae kwake.